Mwaka Walionigawa Pamoja na Sufuria

Kaka yangu mkubwa, yaya Amisi, tulimzika mwaka huu wakati wa mvua. Siku za matanga nilikaa nyuma ya nyumba yake hapa Kindu, chini ya turubai, pamoja na wanawake wengine, tukichambua mchele wa kuwapikia waombolezaji. Mikono ilichambua na midomo ilisema. Mmoja akauliza, "Na mujane, nani atabakia naye? Macho yake haioni tena muzuri." Mwingine akajibu bila kuinua kichwa, kama mtu anayeulizwa chumvi iko wapi: "Si kuko Sifa? Ule hana bwana, hana kazi. Sifa atabakia naye." Sifa ni binti wa mwisho wa marehemu. Alikuwa amechuchumaa karibu nasi akiosha masahani, na alisikia. Nilimwona akisikia. Aliendelea kusugua sahani ileile ambayo ilikuwa imekwisha kutakata. Mimi nikasimama, ungo ukamwagika, nikasema maneno ambayo hayasemwi kwenye matanga. Walinikalisha, wakanipa maji, wakaambiana kwamba mama mzee amezidiwa na huzuni. Haikuwa huzuni. Ilikuwa hasira, na hasira hiyo ilizaliwa kabla ya wengi wa wale waliokuwa wakinipepea.

Nitaandika mwaka mmoja tu. Ulikuwa wakati wa Zaire, wakati Chama kilikuwa kimoja na redio ilikuwa moja, na kila Jumamosi asubuhi tulitoka na majembe na mafagio kwenda kwenye kazi ya lazima iliyoitwa Salongo. Nilikuwa msichana bado, ingawa mikono yangu ilikuwa ya mtu mzima. Sikuacha shule, niliachishwa, siku mama alipoanguka jikoni na upande wake wa kushoto ukakataa kuamka. Tangu siku hiyo dunia yangu ilikuwa chumba kimoja chenye kitanda cha chuma, dirisha la bati linaloinuliwa kwa kijiti, beseni, na harufu ya sabuni ya mawese ambayo mpaka leo ikinipata sokoni nabadilisha njia. Hakuna aliyenifundisha kazi ile. Nilijifunza kwa kukosea juu ya mwili wa mama yangu, na kila kosa nilililipa kwa kukosa usingizi. Uji wake niliuchuja kwa kitambaa. Nikiona donge moja, namwaga wote naanza upya. Shuka ikibaki na doa dogo kama ukucha, naisugua mpaka vidole vinachubuka. Mama mwenyewe, kwa mdomo wake uliopinda, alikuwa akinicheka: "Feza, unaosha shuka ama unaitafutia bwana?" Nilicheka naye, kisha nikarudi kuisugua. Na siku alipokata roho, kabla sijapiga kelele ya kuwaita majirani, nililala chali sakafuni kando ya kitanda chake, nikasikia mgongo wangu ukinyooka, na nikamshukuru Mungu. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Nilimpenda, na nilishukuru.

Siku ya kuondoa matanga walikaa sebuleni kugawa vitu vya marehemu, kama ilivyo desturi. Baba mdogo ndiye aliyesema, na sauti yake ilikuwa moja tangu mwanzo mpaka mwisho. "Sufuria kubwa, kwa muke ya Amisi. Masini ya kushona, kwa Amisi. Viti, itabakia kwangu. Mapanye, wanawake watagawana. Feza, kwa shangazi Kabibi kule Kalima. Mukono na muguu yake imekufa sawa ya marehemu, anahitaji muntu. Meza, tutaona." Kati ya viti na meza. Watu wote wakaitikia, "Njo vile, ni muzuri." Mke wa yaya Amisi, sufuria tayari mapajani, akaongeza kwa upole wa kweli, naye hakuwa mtu mbaya: "Feza anajua sana hiyo kazi. Iko na mukono ya baraka." Yaya Amisi alikuwa fundi wa mashine kwenye mgodi wa bati kule Kalima. Akasema barabara ilikuwa imekufa kwa mvua, kwa hiyo atarudi kunichukua kwa kamio, lori la mgodi, wakati wa kiangazi, na mpaka hapo nilinde nyumba. Na mimi, je? Mimi nilileta chai. Nilihakikisha kila kikombe kina kijiko. Nilikuwa na woga wa kuonekana nimekosea jambo, na woga huo ulikuwa mkubwa kuliko woga wa kupelekwa.

Walipoondoka wote, nyumba ilinyamaza vibaya. Asubuhi ya kwanza niliamka, nikawasha moto, nikachuja uji wa mchele, nikaupoza kwa kuuhamisha kikombe hadi kikombe, nikauingiza chumbani, na hapo ndipo nikakumbuka kwamba kitanda kilikuwa kimekwenda na baba mdogo. Nilisimama katikati ya chumba kitupu na uji mkononi. Kuumwaga nilishindwa. Nyumba yetu haikuwa mbali na stesheni, na kila mtu Kindu alijua hali ya stesheni mwaka ule: treni ya kusini ilikuwa haifiki, boti ya mto haina mafuta, na watu walikuwa wamelala pale wiki baada ya wiki, juu ya mikeka, kati ya magunia ya mchele wa Kibombo na mbuzi waliofungwa. Nikaufunika uji, nikaenda.

Ukumbi wa kungojea ulikuwa umepakwa rangi ya kijani mpaka usawa wa bega, na juu yake picha ya Mkuu wa nchi ikitazama watu wakichemsha sombe, majani ya muhogo, sakafuni. Nilimwona mzee mmoja, kifua kinamwenda kama mvukuto, na mkewe akijaribu kumlisha bugali kavu kwa nguvu. Niliinama, nikamwinua kichwa, nikampa uji kijiko kwa kijiko, nikingoja ameze. Nilipomaliza niliomba maji, nikamfuta mdomo. Kisha, kwa kuwa sikuweza kuondoka na sakafu ile ikiwa vile, nikachukua ufagio. Mke wa mzee alinitazama kwa huruma. "Mwanangu, ulikosa Salongo?" "Hapana, mama." "Basi juu ya nini wamekupa azabu?" "Hakuna azabu. Nimekuja mimi mwenyewe." Akageuka kwa jirani yake wakacheka. "Anapata haya kusema. Pole, mwanangu. Bwana yangu pia walimupa azabu vile, alifagia soko muzima."

Siku za mbele ikawa mbaya zaidi. Nilirudi kila asubuhi na uji, na jinsi nilivyorudi ndivyo watu walivyoniogopa. Mtu aliyeadhibiwa hufagia mara moja, akaenda zake. Mtu anayefagia kila siku, bila askari nyuma yake, bila malipo, huyo ametumwa. Nilikuwa nikikaribia mkeka, mazungumzo yanakatika kama uzi. Mwanamume mmoja alisema kwa sauti ili nisikie, "Chama yetu iko muzuri sana, siye?" na wenzake wakaitikia haraka, "Muzuri sana, sana," macho yao kwangu. Nilikwenda nyuma ya jengo nikalia kwa hasira. Sikuwakasirikia wao. Nilikasirika kwa sababu walikuwa na haki. Wale wakubwa walikuwa wametutoa na mafagio kila Jumamosi, kwa kipaza sauti na kwa tishio la faini, wakaiita hiyo kujitolea, mpaka mtu akijitolea kweli anaonekana mwizi au mpelelezi. Leo hapa Kindu najua vijana wanaovaa fulana za mashirika, zimeandikwa mgongoni kwamba wao ni wa kujitolea, na wanahesabiwa posho. Siwalaumu. Ila huwa natamani kumwonyesha mmoja wao sura ya yule mke wa mzee aliponionea huruma.

Wa kwanza kunisema uso kwa uso alikuwa Mama Kahindo. Alikuwa mfanyabiashara kutoka upande wa Butembo, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kuita kamio, na kweli alikuwa na kamio, na duka, na mkahawa mkabala wa stesheni uliouza maharagi, wali na chai. Siku moja alivuka barabara akasimama juu ya sufuria yangu. "Weye musichana! Uko unaniharibia biashara. Mimi nauza chai pale, weye unagawa uji bule hapa. Shetani gani amekutuma?" Nilimwambia ule uji ni wa wagonjwa tu. "Wagonjwa wako wapi?" Nikamwonyesha: mzee wa kifua, mwanamke aliyejifungua safarini, msichana mwenye homa ambaye dada yake alimfunika mablanketi mawili kwenye jua. Nilikuwa nimewahamisha wote upande ule usiopigwa na upepo wa mto, nimewatenga na moshi wa kupikia, na vikombe vyao nilivichemsha. Mama Kahindo alichukua kikombe kimoja, akakinusa, akakigeuza kwenye mwanga, akapitisha kidole ndani. Alitafuta kosa kama mimi ninavyotafuta. Hakulipata, na hilo lilimuudhi. "Ni nani alikufundisha?" "Hakuna mutu." "Njoo uteke maji kwangu. Ile ya pampu ya hapa ni chafu." Akarudi dukani kwake akigomba peke yake.

Kuanzia hapo nilichota maji kwake, kisha nikachemshia uji wangu jikoni kwake, kisha wasafiri wakaanza kunifuata huko. Nyuma ya mkahawa kulikuwa na vyumba alivyojaza magunia. Mke wa yule mzee wa kifua alimwomba ampangishe kimoja, maana hakuna nyumba ya wageni Kindu iliyokubali kupokea mgonjwa. Waliogopa atawafia kitandani. Mama Kahindo alikubali, akaniambia nikiandae. Nikakisugua mpaka ukutani. Siku chache baadaye akaniita, akanikalisha mbele ya sahani ya maharagi aliyoyapika mwenyewe kwa kitunguu kingi, akasema anatoa magunia kwenye vyumba vyote. Anataka nyumba ya wasafiri wenye wagonjwa. Mimi niisimamie, nipate mshahara kila mwezi.

Sasa nitasema jambo ambalo likinijia hata leo nauma meno. Nilimjibu, "Hapana mama, nitafanya bule tu." Lilitoka lenyewe, na nilitabasamu nilipolisema. Nilifikiri kwamba akinilipa nitalazimika kuwa bila kosa, na kwamba akigundua sikusoma atanifukuza mbele za watu. Mama Kahindo aliweka mwiko chini. "Bule? Mutoto ya nani huyu? Sikia. Ule anayebeba magunia yangu, namulipa. Ule analinda kamio akisinzia, namulipa. Weye unashika bantu na mavi yao na matapishi yao, na unaniambia bule? Unanitukana? Unadhani mimi ni Chama?" Akajifunika mdomo, akatazama mlangoni kama kuna mtu. Kisha akasema taratibu, "Kula. Maharagi inapoa. Kesho tunaanza." Nilikula nikilia, na kilichoniliza zaidi ni kwamba mgeni kutoka Butembo alikuwa ameona kazi mahali ambapo ndugu zangu wote, kwa miaka yote ile, waliona baraka tu.

Shefu wa mtaa, yule aliyetusimamia Jumamosi kwa niaba ya Chama, alikuwa amesikia habari zangu, akaona faida yake. Kwenye mkutano wa uwanjani alinisimamisha mbele ya watu nimevaa panye, kitenge chenye picha ya Mkuu wa nchi, juani, sijala, akatangaza kwamba citoyenne Feza, yaani mwananchi Feza, ni mfano wa mwanamke mpya, anayehudumia taifa bila kudai kitu. Wakapiga makofi kwa mpigo waliofundishwa. Nilisimama nikitazama vidole vya miguu yangu na kufikiria kama nimezima moto chini ya sufuria. Aliposikia kwamba kumbe nalipwa, alikuja mkahawani na abakosi yake, koti la wakubwa wa Chama, imepigwa pasi. "Citoyenne, watu walikupigia makofi. Kazi ya wananchi hailipwi. Utarudi stesheni." Mama Kahindo alitokea jikoni kabla sijafungua mdomo. "Shefu! Ukae, ukae. Samaki ndiyo inatoka saa hii. Feza, letea shefu maji ya kunawa." Alikula samaki mzima akachakura kichwa chake. Hakulizungumzia tena jambo lile, ila alirudi kila wiki kula bila kulipa, na kila wiki nilimletea maji ya kunawa nikiwa na hamu ya kummwagia. Stesheni nilikuwa naendelea kupeleka uji asubuhi, lakini kwa wakati wangu, na mkoba wangu begani kama mtu anayepita kwenda kazini.

Mvua zikaisha. Barabara ya Kalima ikakauka, na asubuhi moja yaya Amisi akaja. Alikuta nyumba imefungwa, majirani wakamwelekeza. Aliingia mkahawani na vumbi jekundu mpaka kwenye nyusi, akakaa, na bila salamu ndefu akasema, "Funga vitu yako. Kamio inashusha sementi, kisha tunatoka."

"Siendi, yaya."

Alicheka kwanza. "Unasema aje?"

"Niko na kazi hapa. Siendi."

"Kazi? Kazi ya kupikia bantu usiowajua? Na shangazi, damu yako? Familia yote ilikubali!"

"Mimi hakuna aliyeniuliza."

"Ulinyamaza!"

"Nilikuwa naleta chai." Sauti yangu ilipanda mpaka wateja wakaacha vijiko. "Mulinigawa kati ya viti na meza, yaya. Baba mdogo hata hakupumua. Uko na muke, uko na mikono. Mikono yako inafungua mashine kubwa kama nyumba hii. Juu ya nini ni mimi tu?"

Alitazama mikono yake, ile iliyokuwa na grisi nyeusi isiyotoka kwenye mistari ya viganja. Nilingoja anipige au anilaani. Badala yake sauti yake ilishuka mpaka nikalazimika kuinama. "Feza. Mimi naogopa kumushika." "Nilimuinua, akalia sana, nikamuacha pale pale. Muke yangu anamulisha, anamuosha uso. Lakini kumugeuza hatujue. Analala upande moja. Mugongo imeanza kutoka vidonda."

Nilidhani hasira yangu ilikuwa imefika mwisho wake, kumbe ilikuwa na chumba kingine. Shangazi alikuwa anaoza kitandani kwa sababu mwanamume mzima aliona haya kusema hajui. Msimu wote wa mvua walikuwa wameuvalisha woga wake vazi la uamuzi wa familia, wakangojea kiangazi. Na papo hapo nilijua kwamba ningeweza kupanda kamio ile. Vidonda vile niliviona wazi, najua rangi yake na harufu yake, najua vinavyoanza na vinavyomaliza mtu. Miguu yangu ilikwisha kugeuka kuelekea chumbani kutafuta nguo. Mama Kahindo alikuwa mlangoni mwa jiko, mikono kiunoni. Nje dereva akapiga honi.

"Simama," nikamwambia yaya Amisi. Nikamshika mkono, nikamwingiza kwenye chumba kimoja kilichokuwa hakina mgeni. "Lala."

"Nini?"

"Lala kitandani. Na viatu yako."

Alilala, mkubwa, mzito, macho yake darini kwa aibu. Nikachukua panye, nikaikunja, nikampitishia chini kutoka mabegani mpaka kiunoni. Nikamwambia: kwanza unasema naye, kabla ya kumgusa, unamwambia unachotaka kufanya. Unamkunja goti la upande wa mbali. Husukumi, unavuta kuja kwako, taratibu, kwa panye na wala si kwa mkono wake ule uliokufa. Mto mgongoni. Mto kati ya magoti. Unamgeuza asubuhi, unamgeuza kila jua linapohama, usiku unaamka. Nilimvuta, na kaka yangu akageuka kama mlango ulio na mafuta, akashangaa, akasema "Eh!" kama mtoto.

"Sasa mimi," nikasema, nikalala mahali pake.

Alisimama juu yangu na panye mkononi. Honi ikalia tena. Kisha nikamsikia, kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake, "Shangazi, nataka kukugeuza sasa." Mikono yake ikapita chini ya mgongo wangu. Nililegeza mwili wote. Katika miaka yote ile hakuna mtu aliyekuwa amebeba uzito wangu, na nilipouhisi ukiondoka kwenye godoro nilitaka kulia, na sikumsamehe, na nikafumbua macho kuangalia alivyofanya.

"Hapana," nikamwambia. "Umeacha muguu nyuma. Anza upya."